Hofu ya kuachwa nyuma kimaisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia kila siku wakianza kuongelea presha ya maisha, nani katoboa, nani bado, umri unaenda na kadhalika. Tumeanza na ya msingi, yale magumu yako mwishoni. Sio lazima usome yote, kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine tumekuwekea namba uende huko.

## Mambo ya msingi

1. Hii hofu ni nini hasa? Mbona kula nakula, kulala nalala, ila moyo hautulii?

Ni ile hofu kwamba watu wakikupima kwa vipimo vya jamii, yani kazi, pesa, nyumba, ndoa, elimu, utaonekana hujafika popote, na wakishaona hivyo hawatakuhesabu tena. Inaweza kumkamata mtu mwenye kila kitu cha lazima.

Ukichimba chini utakuta mara nyingi sio pesa yenyewe inayotafutwa, ni heshima. Mtu anataka akiingia mahali watu wafurahi, akitoa wazo lisikilizwe, akiugua atembelewe, na amejifunza tangu mdogo kwamba haya yote yanakuja kirahisi zaidi ukiwa nazo. Pesa na cheo vimegeuka risiti ya kuonyesha mlangoni ndo uruhusiwe kuingia. Tunakuomba ulishike hili kwa sababu majibu mengi huko mbele yanalitegemea: kinachouma ni hofu ya kutohesabika, sio upungufu wa vitu.

2. Si ni wivu tu huu mnaupa jina zuri?

Hapana, ingawa vinatembea pamoja. Wivu unamtazama mwenzio na alichonacho, hofu hii inakutazama wewe. Unaweza ukamfurahia kabisa aliyehamia kwake na bado usiku ukakesha ukiwaza watu watakuchukuliaje wewe ambaye bado, kwa hiyo usikimbilie kujihukumu kwamba una roho mbaya. Kama kweli kuna wivu ndani yake nenda swali la 12.

3. Kwani zamani hakukuwa na matabaka? Kwa nini sa hivi ndo presha imezidi?

Yalikuwepo, tena makali kuliko sasa. Kilichobadilika ni maelezo. Kwa karne nyingi, sehemu nyingi duniani, mtoto wa mkulima alijua atakufa mkulima na mtoto wa mtawala alijua atatawala, na hakuna aliyesema yule mkulima hajawa mfalme kwa sababu hajajituma. Ilikuwa dhuluma na hatuisifii hata kidogo, ila aibu haikuwa yake.

Sasa hivi kuanzia darasani mpaka kwenye semina za kuhamasishana tunaambiwa yeyote anaweza kufika popote. Ni habari njema na kuna watu imewafungulia milango kweli, lakini ina upande wa pili ambao hausemwi: kama kila mtu anaweza, basi wewe usipoweza kosa ni lako. Kutofanikiwa kumekua hukumu juu ya utu wako.

Mfaransa Alexis de Tocqueville aliliona hili mapema sana. Alizunguka Marekani mwaka 1831 na kwenye maandishi yake ya 1840 akaeleza kwamba raia huru aliowakuta kule waliishi vizuri kuliko wengi duniani lakini hawakutulia, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba pale tofauti kubwa zinapokuwa jambo la kawaida hakuna anayezishangaa, ila watu wakishakaribiana hata tofauti ndogo inachoma macho. Zaidi ya karne moja baadae, mwaka 1958, mwanasosholojia Mwingereza Michael Young alionya kuhusu jamii inayoamini kila mtu yuko pale anapostahili kwa akili na juhudi zake. Walio juu watajiona wamestahili kila kitu, na walio chini hawatabaki na pa kujitetea hata mbele ya nafsi zao.

Na ukweli ni kwamba hatuko kwenye jamii ya hivyo bado. Juhudi inahesabika, lakini inahesabika pia familia uliyozaliwa, afya yako, nani alikushika mkono, na hata mwaka uliomaliza masomo, maana wanaoingia kwenye soko la ajira wakati uchumi umeanguka huwa wanalipwa pungufu kwa miaka kadhaa kuliko waliomaliza wakati mzuri, na vyeti vyao ni vilevile.

4. Ina madhara mwilini kweli au ni mawazo tu?

Ina madhara. Uingereza kuna utafiti mkubwa ulianza 1967 kwa wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali, wenye ajira za uhakika na hakuna wa kulala njaa. Mwanzoni mtu angedhani mabosi ndo watakufa mapema kwa stresi ya madaraka, kumbe ilikuwa kinyume, wa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa juu kabisa, na kila ngazi ilikuwa na afya mbovu kuliko iliyo juu yake. Sigara, uzito na presha ya damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot, aliyeongoza kazi hii kwa miaka mingi, amesisitiza sana suala la mtu kutokuwa na kauli juu ya kazi na maisha yake mwenyewe.

Alafu kuna watafiti Sally Dickerson na Margaret Kemeny ambao mwaka 2004 walikusanya matokeo ya tafiti 208 za maabara kuhusu kotisoli, homoni ya stresi. Zilizopandisha homoni hiyo zaidi ni zile hali ambazo mtu anapimwa mbele ya wengine na hana uwezo wa kubadilisha matokeo. Kwa hiyo mtu akikwambia "acha kuwaza, ni kichwa chako tu", mwili wako una ushahidi tofauti.

## Kujilinganisha

5. Kwa nini nyumba ya bilionea hainiumi ila ya niliyesoma nae inaninyima usingizi?

Kwa sababu bilionea haulingani nae. Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kwamba tunajipima kwa watu tunaoona wanafanana na sisi. Aliyekaa dawati moja na wewe, aliyeanza kazi mwezi mmoja na wewe, ndugu mliyelelewa nyumba moja, hao ndo wanageuka kipimo, kwa sababu mafanikio yao yanauliza swali ambalo la bilionea haliulizi: mbona yeye ameweza?

Uholanzi kuna bahati nasibu inayotoa zawadi kwa anwani za mtaa, na watafiti wakatoa matokeo mwaka 2011 kwamba majirani wa karibu wa washindi, watu ambao hawakushinda chochote, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kununua gari. Hakuna aliyewalazimisha. Gari jipya la jirani lilitosha.

6. Kwa nini nikiingia mtandaoni natoka nimechoka roho?

Kwanza hesabu yenyewe iko dhidi yako. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alionyesha kwamba kwa wastani marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe, sio kwa sababu hupendwi, ni kwa sababu mtu mwenye marafiki wengi anatokea kwenye orodha za watu wengi. Sasa peleka hiyo kwenye simu. Wenye wafuasi wengi ndo unaowaona zaidi, na mtandao wenyewe unasukuma juu posti zinazovutia macho, kwahiyo unachokiita "watu" ni kikundi kidogo sana kilichochujwa mara mbili. Mara ya tatu wamejichuja wenyewe, maana nani anaposti barua ya benki inayomkumbusha deni?

Pili, hatujui maumivu ya wenzetu. Utafiti uliofanywa na Alexander Jordan na wenzake kwa wanafunzi wa chuo Marekani, ukachapishwa 2011, ulikuta watu wanakadiria chini kiasi cha huzuni walichonacho wenzao, hata marafiki wa karibu, na sababu mojawapo ni kwamba mtu akiwa na majonzi hukaa peke yake au huyaficha. Waliokosea zaidi ndo walijisikia wapweke zaidi. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango, ila mlango ndo unaowekwa kwenye stetasi na sisi tunalala tukiuwaza.

7. Nifute akaunti zote basi?

Ukiweza bila kujikosesha kazi au ndugu, jaribu mwezi uone. Wengi hawawezi, na sio lazima. Kinachosaidia zaidi ni kuondoa watu wachache mahususi, wale ambao kila ukiwaona unajisikia mdogo, hata kama ni watu wazuri na hawajakukosea. Kunyamazisha posti za mtu sio kumchukia.

8. Kila mtu ananiambia "acha kujilinganisha". Naachaje?

Huwezi kuacha kabisa, na wanaokwambia hivyo nao hawajaacha. Akili ya binadamu inapima bila kuombwa. Unachoweza ni kuchagua unapima kwa nani na kwa lipi.

Mfano mzuri ni michezo ya Olimpiki ya Barcelona 1992. Watafiti walichukua picha za video za washindi wa medali wakawapa watu wakadirie furaha kwenye nyuso zao, na wa shaba walionekana wana furaha kuliko wa fedha, wakati wa fedha ndo amemshinda mwenzake. Wa fedha anawaza dhahabu aliyoikosa kidogo tu, wa shaba anawaza angeweza kutoka mikono mitupu.

Kwa hiyo badala ya kujikataza, jiongezee. Ukijilinganisha na aliyekuzidi kwa pesa, maliza kazi, linganisha pia afya, muda wa kukaa na watoto, deni, amani ya ndani ya nyumba, alianzia wapi na nani alimsaidia. Ukiona vyaelea jua vimeundwa, na mara nyingi hujaona vimeundwa kwa kitu gani. Kingine, jilinganishe na wewe wa miaka mitano iliyopita, maana huyo ndo mtu pekee ambae habari zake unazijua zote.

## Pesa na mafanikio yenyewe

9. Nikishapata hela hofu hii itaisha?

Tuseme ukweli wote, sio nusu. Pesa inasaidia. Washindi wa bahati nasibu wa Uswidi waliofuatiliwa na kuchapishwa 2020 walikuwa wanaridhika zaidi na maisha yao hata miaka mingi baada ya ushindi, kwahiyo ule usemi kwamba pesa haibadilishi chochote sio kweli, na mara nyingi unasemwa na wenye nazo.

Lakini hofu ya hadhi ni kitu kingine, kwa sababu hadhi inapimwa kwa wengine. Watafiti Sara Solnick na David Hemenway waliwauliza watu wa chuo cha afya ya jamii cha Harvard, Marekani, matokeo yakatoka 1998: ungependa upate dola 50,000 huku wengine wanapata 25,000, au upate 100,000 huku wengine wanapata 200,000, bei za vitu zikiwa zilezile? Karibu nusu walichagua ile ya kwanza. Yani wako tayari kuwa na nusu ya uwezo wa kununua ili mradi wawe juu ya wenzao! Sasa ukipanda, wenzako nao wanabadilika, unahamia mtaa wa waliopanda kama wewe na mashindano yanaanza upya.

10. Mimi tayari nimefanikiwa, mbona najiona tapeli anayesubiri kugundulika?

Wako wengi mno. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes ndo waliielezea hali hii mwaka 1978 baada ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 150 wenye mafanikio ya kitaaluma ambao bado waliamini wamepata kwa bahati au kwa watu kukosea kuwapima. Baadae ikaonekana hata kwa wanaume.

Kama heshima yako yote imefungwa kwenye cheo, basi kila siku ya kazi ni mtihani wa utu wako, na kupanda mchongoma kushuka ndo ngoma. Dawa ya kwanza ni kusema kwa sauti kwa mtu mmoja wa ngazi yako unayemuamini. Mara nyingi atakujibu "hata mimi". Ya pili ni kuwa na sehemu moja ya maisha ambapo hakuna anayejua wala kujali cheo chako, iwe kwaya, timu ya mpira, jirani mzee unayemsaidia, popote.

11. Nikikubali nilipo si ndo nitabweteka?

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba kujithamini kwa mtu ni mafanikio yake ukigawanya kwa matarajio yake. Kwa hiyo kuna njia mbili za kupata nafuu, kuongeza mafanikio au kupunguza idadi ya mambo unayotaka kuwa bingwa. Tunasisitiza idadi. Huwezi kuwa tajiri, mwembamba, mzazi wa mfano, msomi na mtu wa watu kwa wakati mmoja. Chagua mawili au matatu upambane nayo kweli, mengine uyaache bila aibu. Huko sio kubweteka, aliyebweteka ni yule anayetaka kumi na hafanyi hata moja kwa sababu yote yanamtisha.

## Familia, marafiki, watu

12. Rafiki yangu kafanikiwa na nimeanza kumkwepa. Nifanyeje?

Usianze na kujilaani. Jiulize hasa kinachouma ni nini, kwa sababu mara nyingi sio gari lake, ni hofu kwamba urafiki wenyewe utahama, kwamba atakuona wa chini. Hiyo inaweza kuulizwa na kuzungumzwa. Mwambie hongera yake kweli, alafu mwambie na hali yako kwa kifupi, bila kumuomba chochote siku hiyo. Akiendelea kukutafuta umepata jibu. Akikuacha pia umepata, ingawa litauma.

13. Wazazi wananilinganisha na mtoto wa fulani kila siku.

Wengi wanafanya hivyo kwa hofu yao wenyewe, maana na wao wanapimwa na wenzao kupitia wewe. Hii haifuti maumivu ila inasaidia kujua unajibu nini. Kubishana kuhusu huyo mtoto wa fulani ni kupoteza muda. Wape taarifa kabla hawajaomba: mwezi huu nimefanya hiki, nimekwama hapa, nategemea hivi. Mzazi asiye na taarifa anajazia mwenyewe, na anajazia kwa habari za watoto wa watu.

14. Nimepoteza kazi. Nikiulizwa "unafanya nini siku hizi" nasemaje?

Sentensi mbili fupi za kweli, uzizoee ukiwa peke yako mpaka zisikukwame kooni. "Kazi ile imeisha mwezi wa tatu, sa hivi natafuta kwenye mambo ya uhasibu." Basi. Uongo mdogo hapa unagharimu sana kwa sababu inabidi uulinde kila mkutano, alafu unajikosesha kabisa mtu ambae angesema "ah, kuna sehemu wanatafuta". Anayekimbia baada ya kusikia hivyo alikuwa anasalimiana na kazi yako.

## Hali ngumu zaidi

15. Mimi sina hela kweli. Haya yote si ya watu walioshiba?

Ni haki kuuliza. Kama kodi imekushinda na mtoto hajala, tatizo lako la kwanza ni kipato, na asikudanganye mtu kwamba ukitafakari vizuri litaondoka. Lakini umaskini unakuja na aibu juu yake, na aibu ndo inayofanya mtu aache kuomba msaada anaostahili, akope kwa riba mbaya ili asionekane kapungukiwa, au mtoto asiende shule sababu ya viatu. Hiyo sehemu ya aibu unaweza kuikataa hata kabla hela haijaja. Rudi swali la 3, aya ya mwisho.

16. Na kama kweli nadharauliwa, sio hisia zangu?

Basi sio wasiwasi, ni dharau, na usikubali kuambiwa ujirekebishe mawazo. Mtu anadharauliwa kwa kabila, rangi, ulemavu, jinsia, lafudhi, kazi ya mikono. Ikitokea kazini au ofisi ya umma, andika tarehe, maneno na waliokuwepo, sheria za nchi nyingi zinakataza ubaguzi kazini na malalamiko yenye kumbukumbu yana nguvu. Kwingine, kusanya watu wako. Heshima ya watu wachache wanaokujua vizuri haifuti dharau ya mtaa mzima ila inakupa mahali pa kusimama.

17. Umri umeenda na ndoto yangu haiwezekani tena.

Kuna ndoto kweli zina umri, na kumwambia mtu "hujachelewa" wakati amechelewa ni kumnyima nafasi ya kuomboleza. Omboleza. Alafu angalia ndani ya ile ndoto ulikuwa unataka nini, kusafiri, kusikilizwa, kufundisha, kushindana? Sehemu kubwa ya hayo bado ina mlango mwingine, mdogo zaidi, hauna picha kwenye gazeti.

18. Ni lini nimuone daktari?

Kama wasiwasi unakuandama siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi 6 au zaidi na hauwezi kuuzuia, usingizi umevurugika, umeanza kukwepa watu au kazi, au pombe ndo inakutuliza, nenda. Usisubiri miezi 6 kama unaona unazama. Kuna tiba za mazungumzo na dawa zinazofanya kazi. Na kama umefika kuwaza kwamba bora usingekuwepo, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya kilicho karibu leo leo, usilale nalo.

19. Mtu wangu wa karibu anaishi maisha ya kuigiza, anakopa ili aonekane. Namsaidiaje?

Usimuumbue mbele za watu hata kwa utani, maana anachokiogopa kuliko deni ni hicho. Mtafute faragha, anza na yako, mwambie na wewe kuna kipindi unahisi kuachwa, alafu muulize anadaiwa kiasi gani kwa jumla, usimuulize kwa nini amekopa. Kaeni muandike madeni yote kwenye karatasi moja, mkianza na yenye riba kubwa. Mkopo mpya wa kuziba wa zamani mkatae kwa upole, na wewe usimkopeshe hela ya kununua vya kuonekana, ila mtafute pale ambapo hajavaa chochote cha maana na hana cha kutoa, mpigie simu siku ya kawaida, mwalike kwako mle kilichopo.